Picha, Pazia na Mshenga: Ninavyosoma Tabia ya Mtu Katika Shairi la Msemaji Mmoja

Nina studio ya picha Mwanjelwa: chumba kimoja, pazia la bluu, stuli mbili, na ukuta mzima wa watu waliocheka mbele yangu. Simu zimetumaliza. Siku hizi ninakula kwa picha za pasipoti na kwa kukuza picha za marehemu, na hiyo kazi ya pili imenifundisha kusoma mashairi zaidi ya mwalimu yeyote.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imekaza mpaka mteja anagoma kuvua koti, binti wa dada yangu alirudi likizo kutoka chuo na swali la insha: chambua saikolojia ya mhusika katika shairi moja la kidrama la enzi ya Malkia Victoria. Shairi lenyewe ni "My Last Duchess" la Robert Browning. Mistari 56 tu. Alikuwa ameshalisoma mara nne.

"Mamdogo, nimelielewa, lakini sina cha kuandika. Bwana anaonyesha picha ya marehemu mkewe. Basi."

Nikamwambia avute stuli. Nimewasikiliza waume wakionyesha picha za marehemu wake zao kwa miaka kumi na minane, na sijampata hata mmoja aliyeonyesha picha, basi. Tulikaa na lile shairi siku tatu, katikati ya wateja. Haya ndiyo tuliyofanya, na wewe mwenye shairi la namna hiyo mezani unaweza kuyafanya bila studio.

Mtoe mtunzi chumbani

Katika aina hii ya shairi anasema mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu huyo si mtunzi. Wasomi wa ushairi wetu wana maneno mazuri: anayesema ni nafsineni, anayeambiwa ni nafsinenewa. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, Victoria akiwa kwenye kiti chake kule Uingereza. Mama anamuusia binti yake, na anayeusia ndiye huyohuyo mtunzi. Ukimwamini hujakosea. Kwa Browning, ukimwamini msemaji umekwisha.

Browning alizaliwa 1812, akafa 1889. Alitamani jukwaa, tamthiliya yake ilipandishwa London mwaka 1837, ikashuka baada ya siku chache. Kilichobaki ni ule ufundi wa kumwachia mhusika ajisemee. Mwaka 1842 alitoa kijitabu cha mashairi chenye hili la Duke, yaani yule bwana mtawala anayeonyesha picha, na mbele yake akaweka tahadhari kwamba hizi ni kauli za watu wa kubuni, si zake yeye.

Tahadhari hiyo mimi sikuiona. Nikiwa kidato cha sita niliandika kwenye mtihani wa majaribio kwamba Browning alimuua mkewe kwa wivu. Mwalimu alipiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikachanika. Mwaka 1842 Browning hakuwa hata na mke wa kuua! Elizabeth Barrett, mshairi mwenzake, alikutana naye 1845, wakaoana kwa siri na kutoroka 1846. Kwa hiyo kabla ya yote andika juu ya ukurasa jina la anayesema, na kila sentensi ya insha yako ianze naye: Duke anadai, Duke anaficha. Ukijikuta umeandika "mshairi anahisi", futa.

Mtafute aliyenyamaza

Hapa ndipo binti yangu alipokuwa amekwama. Alimwona Duke, akaiona picha. Hakumwona mtu wa tatu.

Yupo. Duke anamwita "bwana" mara kadhaa, anamwambia akae, anamwambia ainuke. Ni mpaka unapokaribia mwisho ndipo unajua ni nani: ametumwa na tajiri mmoja mwenye cheo cha Count, ambaye Duke anataka kumwoa binti yake. Kwa Kiswahili mtu huyo tuna jina lake tangu zamani, ni mshenga. Binti aliposikia neno hilo akashika mdomo. "Yaani anamhadithia mshenga habari za mke wa kwanza?"

Ndiyo. Na kuna jambo la mila hapo. Kwetu huku, ukishuka Tukuyu kuposa, ng'ombe wanatoka kwa muoaji. Kule Italia ya zamani mahari ilitoka kwa baba wa binti, na Duke anaigusa kwa ulimi laini sana: anasema ukarimu wa bwana wako unajulikana, kwa hiyo dai langu la haki halitakataliwa, ingawa ninachokitaka hasa ni binti. Mali imetangulia kutajwa, binti amefuata. Wahakiki wengi wanamhusisha Duke huyu na Alfonso wa Pili, Duke wa Ferrara, aliyemwoa Lucrezia de' Medici mwaka 1558. Binti huyo alifariki 1561 akiwa na miaka 16. Habari hiyo inasaidia, ila usiigeuze insha kuwa somo la historia. Ndani ya shairi mke hana hata jina.

Ukishampata aliyenyamaza, jiulize: huyu anayesema anataka nini kutoka kwake? Duke anataka mke mpya na mali. Mtu mwenye haja hiyo, akiwa mbele ya mshenga, alipaswa kusema nini? Alipaswa kusema marehemu alikuwa mwema, Mungu amrehemu, tuzungumze mahari. Maneno machache. Yeye anafungua pazia lililofunika picha, na karibu shairi zima anamsema marehemu.

Ile ziada, yale aliyoyasema bila kuulizwa, ndiyo saikolojia unayotakiwa kuiandika. Chukua kalamu ya rangi, upige mstari chini ya kila neno ambalo haja yake haikulihitaji. Kwenye shairi hili karatasi yetu iligeuka nyekundu karibu yote.

Mashtaka yenyewe ni haya. Mke alikuwa mwepesi wa kufurahi. Jua likizama anafurahi. Mtu amemkatia tawi la cheri bustanini, anafurahi. Nyumbu mweupe, yule chotara wa punda na farasi, wa kuendesha kuzunguka baraza, anafurahi vilevile. Na aliwashukuru watu kana kwamba zawadi ya Duke, yaani jina la ukoo la miaka mia tisa, ililingana na zawadi ya yeyote. Soma orodha hiyo tena ukimwondoa Duke, ubaki na vitu tupu: jua, cheri, nyumbu. Unamwona binti mdogo mwenye furaha zake. Duke alikusudia kumchafua, ametuchorea picha yake nzuri kuliko ile ya ukutani.

Lifasiri mwenyewe, kitenzi kwa kitenzi

Msiogope kufasiri vibaya. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakikubali kutembea bila kiambishi cha mtendaji, kwa hiyo kinakulazimisha uulize: nani amefanya? Na hawa wasemaji swali hilo ndilo wanalolikimbia.

Mahali pazito pa shairi ni mistari miwili hivi. Binti alifasiri: "Mambo yakazidi, nikatoa amri, matabasamu yote yakakomeshwa."

Nikamwambia rudi kwenye Kiingereza, kimesema yamekomeshwa?

Akaangalia. Hapana. *Yakakoma.* Yamekoma yenyewe, kama mvua. Amri ni ya Duke, anaikiri kwa kiburi, "nikatoa". Kilichofuata hakina mwenyewe. Kati ya nikatoa na yakakoma kuna nukta na mkato tu, na ndani ya nukta na mkato hiyo kuna msichana amekufa. Tulikaa kimya kidogo. Nje jirani alikuwa anasaga karanga.

Browning alipoulizwa baadaye amri hiyo ilikuwa ya nini, alisema ilikuwa ya kumuua. Halafu akaongeza, au pengine alifungiwa kwenye nyumba ya watawa. Kwa hiyo katika insha usigombane sana juu ya njia ya kifo. Gombana na "yakakoma".

Ukitaka kuiona mbinu hii ikifanya kazi kwa wazi zaidi, nenda kwa shairi jingine la Browning, "Porphyria's Lover", lililochapishwa mara ya kwanza 1836. Usiku wa mvua, mwanamume kakaa kibandani, mpenzi wake Porphyria anaingia. Hesabu vitenzi: anafunga mlango, anapiga magoti, anawasha moto, anainuka, anavua joho, anaweka glavu, anafungua kofia, anakaa, anamwita. Vyote *a-*, *a-*, *a-*. Anapomwita, msemaji hasemi "sikujibu". Anasema, kwa maana ya maneno, "pasipo sauti iliyojibu". Amejitoa kwenye sarufi yake mwenyewe! Hata mkono wake unachukuliwa na mwanamke na kuzungushwa kiunoni kama kitambaa. Halafu ghafla inakuja *ni-*: nikapata jambo la kufanya. Jambo lenyewe ni kumnyonga kwa nywele zake, akizizungusha shingoni mara tatu. Na papo hapo anakuhakikishia kwamba hakusikia maumivu, ana uhakika kabisa. Ni nani aliyemuuliza?

Mtu huyo hana nafsinenewa anayeonekana. Anamwambia nani? Kichwa cha marehemu kimelala begani kwake usiku kucha, na mstari wa mwisho anasema Mungu bado hajasema neno. Mimi ninaamini ndiye anayemsubiri ajibu. Binti haafiki, anasema anajisemea. Tumeachana hapo.

Vina vilivyofichwa

Hili ni fupi. Shairi la Duke lina vina, mistari inakwenda miwili miwili. Lakini mtu akikusomea kwa sauti unaweza usivisikie, kwa sababu mistari mingi ni mishata: maana haikati mwishoni, inamwagikia mstari unaofuata. Sisi tuliolelewa na vina vya kati na vya mwisho, tunaobana mizani nane kwa nane, tunaona kama mtunzi kalegeza. Hakulegeza. Mpangilio umebana vilevile, ila umefunikwa na maongezi ya kistaarabu. Ndivyo alivyo Duke. Anasema hana ufundi wa kusema, huku akisema kwa vina.

Usimhukumu kabla hajamaliza

Hapa nina kesi yangu mwenyewe.

Miaka michache nyuma alikuja mzee kutoka njia ya Uyole na picha ya pasipoti ya mkewe, kona moja imeliwa na muhuri. Anataka ikuzwe, iwekwe fremu ya dhahabu. Nikamuuliza kitu kimoja tu, saizi gani. Akanijibu robo saa. Marehemu alikuwa mcheshi, nyumba haikosi wageni, akienda sokoni harudi, kila mtu anamsimamisha. Alisema yote hayo akiwa ameshikilia picha kwa ncha za vidole. Halafu akainamia kaunta, akashusha sauti.

"Mama, hilo tabasamu unaweza kulipunguza?"

Nilipoa mwili. Nilimwona Duke wa Ferrara amesimama na kofia ya sufi. Nikamuuliza kwa nini, na nadhani sauti yangu ilikuwa kali.

"Ana pengo hapa," akagusa jino lake la juu. "Akiona kamera anafunga mdomo. Hii walimwahi. Hatapenda wageni walione ukutani."

Niliufunga ule mdomo kwenye kompyuta, kazi ya saa mbili, nikamtoza bei ya kawaida kwa aibu.

Nilimsimulia binti kisa hicho kwa sababu ya kitenzi. Mzee alisema *hatapenda*. Mkewe bado ana mapenzi na machukizo, bado ni mtendaji wa kitenzi chake. Duke kwa upande wake anasema mara mbili, mwanzoni na karibu na mwisho, kwamba mkewe kwenye picha yuko *kana kwamba* yu hai. Na yeye peke yake ndiye anayefungua pazia. Sasa mke anamtabasamia yule aliyeruhusiwa na mumewe, basi.

Tena ukisoma nusu tu unaweza kumwonea Duke huruma. Mimi mara ya kwanza nilimwonea: mjane wa kiume, ameketi na mgeni mbele ya picha. Usiifute huruma hiyo, iandike. Mhakiki Mmarekani Robert Langbaum, katika kazi yake ya 1957, alieleza kwamba nguvu ya mashairi haya iko katika mvutano kati ya kumwelewa msemaji kutoka ndani na kumhukumu. Insha inayomlaani Duke tangu aya ya kwanza haijasoma shairi, imesoma muhtasari.

Soma hadi kwenye sanamu. Wakiwa wanashuka kwenda kwa wenzao, Duke anamsimamisha mshenga atazame shaba: Neptune, mungu wa bahari, anamfuga farasi wa baharini. Ni kitu adimu, anasema, kimesubuliwa kwa ajili yangu. Neno la mwisho la shairi zima ni hilo "yangu", na linamhusu Duke mwenyewe. Mke ameshasahaulika. Au tuseme hajasahaulika, amewekwa kwenye hesabu ya vitu.

Neno "kichaa" liweke pembeni

Binti alikuwa ameandika pembeni jina la ugonjwa alilolitoa kwenye simu. Nikamwomba alifute. Jina la ugonjwa linafunga mjadala, na shairi linataka uendelee kusikiliza.

Kinachofaa ni kujua watu wa enzi ile walikuwa wakifikiri nini. Mwaka 1835 daktari Mwingereza James Cowles Prichard aliandika juu ya aina ya wazimu unaoharibu hisia na maadili ya mtu huku akili ya kuhoji na kupanga ikibaki nzima. Mwaka mmoja baadaye shairi la Porphyria likachapishwa: muuaji anayesimulia kwa utulivu na vina kamili. Mwaka 1842 Browning aliliweka pamoja na shairi jingine chini ya kichwa cha habari kinachotaja vyumba vya hospitali ya wendawazimu. Hilo linaingia kwenye insha vizuri, kwa sababu ni swali la wakati wao: mtu anaweza kuwa na akili timamu na bado asiwe mtu? Duke, tazama, hakuwekwa kwenye vyumba hivyo. Alibaki ikulu.

Ukitaka mengine ya kufanyia mazoezi, soma "Andrea del Sarto" la 1855. Mchoraji asiyekosea mstari anamsihi mkewe wasigombane tena, na mke muda wote anasubiri mluzi wa mtu aliye nje. Mimi kama mpiga picha, hilo linaniuma kuliko la Duke. Tennyson, mshairi mwingine wa enzi ileile, ana "Ulysses", lililotoka 1842, zuri lakini limenukuliwa sana mpaka limechakaa. Na msiwaache wanawake: Augusta Webster, mwaka 1870, alimpa sauti mwanamke anayeishi kwa kuuza mwili, akianza kwa kusoma shajara yake ya usichana. Huyo hafichi kama Duke. Anabishana na jamii nzima na mara nyingine anaishinda.

Liigizeni

Siku ya tatu tulifunga kitabu. Nilimsimamisha binti mbele ya pazia la bluu awe Duke, nikakaa kwenye stuli niwe mshenga. Masharti ni mawili: mshenga hasemi neno, ila yuko huru kufanya lolote mwili wake unapotaka.

Alianza kwa unyonge. Kufikia nyumbu mweupe alikuwa ameshika mgongo sawasawa. Kwenye "yakakoma" alinitazama usoni, akanyamaza kiasi cha kuvuta pumzi moja, kisha kwa sauti ileile ya upole: "Je, ungependa kuinuka?"

Nikainuka. Studio ni yangu, stuli ni yangu, kodi ninalipa mimi.

"Umeinuka, Mamdogo," akasema, akatafuta kalamu. "Ameomba mara mbili shairi zima, ukae na uinuke, na mara zote mbili ni amri."

Akaandika hapohapo, daftari limelazwa juu ya mashine ya kukatia picha. Ndipo nikageuka nikamwona kijana mlangoni, fomu mkononi, anataka pasipoti nne. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Nirudi baadaye?" akauliza.